Damu Iliyoombwa Mara Moja

Ofisini walimwita Trafiki, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Siku aliyotakiwa kueleza kazi yake mbele ya wafanyakazi wote wa benki ya damu, aliona madereva wanasinzia na wauguzi wanatazama saa zao, akaona heri arahisishe mambo. Akasema yeye ni trafiki wa njia panda. Hospitali kumi na tisa zinaomba damu kwa kompyuta, lakini maombi yao hayaendi moja kwa moja stoo. Yanapita kwanza kwenye programu inayoitwa lango, na lango ndilo linalosema hili liende kushoto, hili kulia, hili lisubiri kidogo. Dereva mmoja akaamka na kumuuliza kama huwa anakula rushwa. Watu wakacheka, na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa na maelezo yake. Wateja wakimuuliza mkewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba anaongoza magari yasiyoonekana. Hapo aliacha, maana hata yeye hakujua zaidi.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Aliingia benki ya damu akiwa binti wa kuchapa majina ya wachangiaji, kazi ya kukaa kutwa na kubonyeza, na saa za chakula wenzake walipokwenda kula yeye alibaki kwenye kiti kilekile akijifundisha. Hakuna aliyemtuma. Alipowaambia wakubwa kwamba ile programu yao moja kubwa, iliyokuwa ikianguka kila wiki na kuangusha ofisi nzima pamoja nayo, inaweza kuvunjwa ikawa programu ndogo ndogo, walimtazama kama mtu aliyependekeza kubomoa nyumba wakati wenyewe wamelala ndani. Lakini ikavunjwa. Moja ikajua makundi ya damu, nyingine ikajua magari, nyingine ikajua kilichomo kwenye mafriji ya stoo. Kila moja ina kazi yake na haitaki kujua ya mwenzake. Mbele ya zote akalisimamisha lango.

Lango hilo hakulinunua. Lilikuwa programu huria, iliyotungwa na watu wa nchi nyingi wasiojuana na kuachwa wazi, kila atakaye aisome, aichukue, airekebishe. Yeye alikuwa mtu wa kutoamini vya bure, kwa hiyo aliisoma karibu yote kabla ya kuiweka, jioni kwa jioni, na alipomaliza alijisikia kama mtu aliyeingizwa jikoni kwa watu na kuonyeshwa mpaka chini ya masufuria. Alilipenda lango lile. Tuseme kweli, alijivunia, na kiburi cha mtu mpole ndicho kibaya zaidi kwa sababu hakuna anayekiona ili amwonye.

Matatizo yalianza kama msaada. Hospitali zilikuwa zikilalamika kwamba maombi yao yanapotea: mtu anaomba damu, kompyuta inazunguka, mwisho inasema imeshindwa. Trafiki akachunguza akaona kweli, kompyuta ya stoo ni kuukuu, mara nyingine inachelewa kujibu, na lango likikosa jibu ndani ya sekunde tano linakata tamaa. Akafikiria adabu alizolelewa nazo. Bibi yake alimfundisha kwamba ukifika kwa watu unapiga hodi mara tatu. Mara moja ni haraka, mara nne ni ukorofi, na ya tatu isipojibiwa unageuka unarudi ulikotoka bila kinyongo. Ndani ya lango palikuwa na mahali pa kuandika lijaribu mara ngapi. Akaandika tatu.

Malalamiko yakakatika siku ileile. Mkuu wa ofisi akamtaja mkutanoni, akapigiwa makofi, na hata yule dereva alipiga.

Wiki ya tatu damu ikaanza kuisha. Si kuisha kwa kawaida, kwa ajali kubwa au uhaba wa wachangiaji. Wachangiaji walikuwa wengi kuliko miezi iliyopita, hospitali ziliomba kama siku zote, na bado mafriji yalikuwa yanabaki na mifuko ya kuhesabika. Mkuu akaagiza hesabu. Kwa orodha ya lango, hospitali zilikuwa zimeomba mifuko mia nne na kumi na mbili. Kwa daftari la stoo, ilikuwa imetoka mia sita hamsini na mitano. Hospitali zikaandikiwa barua, kila moja ikajibu kwamba imepokea ilichoomba. Basi ile mia mbili na zaidi ilikwenda wapi?

Vidole vyote vikaelekea kwa mtunza stoo. Walimwita Mzee Barafu kwa sababu alikuwa amefanya kazi kati ya mafriji miaka ishirini na sita na mikono yake ilikuwa baridi hata mchana wa jua kali. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa sauti. Mfuko mmoja, wa pili, wa tatu, na ukimsemesha katikati alikunyamazia mpaka afike mwisho. Hakuwahi kukosea. Sasa ofisi ikagawanyika. Wengine walisema anauza damu kwa zahanati za uchochoroni, na lisemwalo lipo. Waliojiona wana huruma walisema hapana, mzee wa watu kachoka kichwa tu, anatoa vitu na kusahau. Yeye alijitetea kwamba kila mfuko uliotoka ulikuwa na karatasi yake ya kutolea, na karatasi zote anazo, amezipanga kwenye boksi. Akaambiwa karatasi zinatoka kwenye printa ya stoo, na neno la siri la kompyuta ya stoo analo yeye peke yake. Akasimamishwa kazi. Kikao cha kumsikiliza kikapangwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na ama atoke hapo mwizi, ama atoke mtu aliyepotelewa na akili. Mlango wa tatu haukuwepo.

Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa ile orodha ya lango. Aliyeichapa, akaipiga mhuri na kuipeleka kwa mkuu ni Trafiki.

Na kuna jambo jingine lililomkaa rohoni asijue aliweke wapi. Wiki ya pili, kabla ya zogo lote, Mzee Barafu alikuwa amempigia simu kutoka stoo. Alimuuliza kwa upole wake: hospitali ile ya mbali, mbona asubuhi hii imeomba mara tatu mfululizo, kundi lilelile, idadi ileile? Trafiki alitazama orodha yake. Ombi lilikuwa moja. Akamwambia, naye kwa upole, kwamba hapana baba, wameomba mara moja tu, labda umehesabu karatasi ya jana pamoja. Mzee akasema labda, akakata simu. Hakupiga tena.

Sasa Trafiki hakuelewa kitu. Hakuamini kwamba mzee ni mwizi. Hakuamini pia kwamba kapotelewa na akili. Lakini orodha ya lango ilikuwa sahihi. Aliipitia mstari kwa mstari mara nne, na kila ombi lilikuwa na hospitali yake, saa yake, idadi yake. Daftari la stoo nalo lilikuwa sahihi. Barua za hospitali zilikuwa na sahihi na mihuri. Kila mtu anasema kweli na damu haipo. Nyumbani alitia chumvi kwenye chai ya mumewe, na mumewe aliionja, akaimwaga, akachemsha nyingine.

Jumatatu aliandika kwenye ukumbi wa mtandaoni ambako watumiaji wa lango lile huulizana maswali. Alieleza kwa adabu zote kwamba lango linahesabu moja na stoo inahesabu tatu, je, kuna aliyewahi kuona? Jumatano akajibiwa na mtu asiyemjua, mwenye picha ya paka mahali pa uso. Jibu lenyewe lilikuwa swali: programu yako ya stoo, ikiletewa ombi lilelile mara mbili, inajua kwamba ni lilelile? Trafiki alilisoma, akakasirika. Yeye anaulizia hesabu, mtu wa paka anamwuliza kuhusu kujua. Na kwa nini liletwe mara mbili? Lango hupeleka tena pale tu ambapo stoo haikusikia. Alifunga kompyuta bila kumshukuru, jambo ambalo si tabia yake.

Alhamisi alasiri, zikiwa zimebaki saa chache tu za kazi kabla ya kikao, akaamua kwenda kwa Mzee Barafu nyumbani. Hakujua atamwambia nini. Labda amwombe lile boksi la karatasi, labda amwombe radhi, ingawa hakujua radhi ya kosa gani.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na uani, mlango wa mbele una pazia. Akapiga hodi. Kimya. Akasubiri, akapiga ya pili. Ndani kulisikika kitu kama bakuli likiwekwa chini, kisha kimya. Akapiga ya tatu, kwa sauti zaidi, akasubiri, halafu akageuka kama alivyofundishwa. Alikuwa amefika barabarani alipoitwa kwa nyuma. Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni, kanga kaifunga ovyo, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, mwanangu, mbona unaondoka? Nilikusikia tangu ya kwanza. Nilikuwa naosha nywele, nikawa natafuta cha kujifunika."

Trafiki alimwamkia, akaingia, akakaa. Mama yule aliongea, naye alisikia nusu nusu. Mzee hayupo, amekwenda kuchapisha barua mjini. Barua gani? Ya kuacha kazi. Ameamua aandike kwamba kumbukumbu zimempotea, maana ni afadhali waseme kazeeka kuliko waseme kaiba. Na mama akaongeza, akikausha mikono polepole, kwamba mwanzoni alidhani mzee anasema vile kwa ajili ya kikao tu.

"Lakini naona mwenyewe kaamini. Tukila, anahesabu vijiko, halafu ananiita na mimi nivihesabu. Jana alihesabu hela ya mkate mbele ya muuza duka, mara tatu, mpaka watu wakaanza kumcheka. Mume wangu mimi, yule aliyekuwa akihesabu mifuko mia bila kalamu."

Hapo ndipo neno la mlangoni lilipomrudia Trafiki, likaanza kumchoma. Nilikusikia tangu ya kwanza. Mama alisikia hodi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Kutojibu hakukuwa kutosikia. Mtu wa nje amepiga hodi tatu kwa adabu kwa sababu anadhani ndani hakuna anayesikia, na mtu wa ndani amezisikia zote tatu akiwa anatafuta kanga. Na stoo je? Stoo ikipata ombi inachapa karatasi kwanza, ndipo inajibu. Printa ile kuukuu ikishapoa inachukua muda kujipasha moto. Sekunde kumi, kumi na mbili, nani anajua. Lango linasubiri tano.

Alisimama akiwa hajamaliza chai aliyokaribishwa. Mama akashangaa, akauliza kama kuna kibaya kasema.

Ofisini alifika ikiwa imebaki nusu saa wafunge. Lango lilikuwa na madaftari mawili: moja la maombi yanayoingia kwa mbele, ambalo ndilo alilolipigia mhuri, na jingine la kila hodi inayopigwa kwa programu za nyuma. La pili alilizima mwenyewe mwaka uliopita kwa sababu lilikuwa linajaza diski. Akaliwasha. Akatuma ombi moja la majaribio, mfuko mmoja, kisha akakodoa macho. Hodi. Sekunde tano. Hodi. Sekunde tano. Hodi, halafu jibu: imepokelewa. Kwenye daftari la mbele, ombi moja. Akavuka uwanja akikimbia mpaka stoo, ambako siku hizo alikaimishwa yule dereva mpenda utani. Dereva alikuwa amesimama mbele ya printa, ameshika karatasi.

"Trafiki, unataka mifuko mitatu ya nini? Umeanza kuoga damu?"

Zilikuwa karatasi tatu, kila moja na namba yake. Trafiki alizichukua, akakaa chini kwenye sakafu ya stoo. Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki zote hizo alikuwa anamtafuta mwizi, kumbe mwizi kamwandika kwa mkono wake, kwa tarakimu moja, na akapigiwa makofi.

Lililobaki halikumwingia akilini ni hospitali. Akampigia fundi wa maabara wa ile hospitali ya mbali, anayefahamiana naye kwa sauti tu. Mwanzo jamaa alizunguka mbuyu, akaulizia afya, akaulizia kazi, kisha akakubali kwamba ndiyo, kwa wiki kadhaa wakiomba mifuko miwili wanaletewa sita. Walidhani wameongezewa mgao. Na nani anayerudisha neema? Friji lao limejaa, mingine imepita muda wakaichoma kimya kimya. Trafiki akamuuliza kuhusu barua yao.

"Barua iliuliza kama tumepokea tulichoomba," alisema fundi. "Tulipokea. Haikuuliza kama tulipokea zaidi."

Jioni ile alimweleza mumewe yote. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho akiwa na mnyororo wa baiskeli mkononi, akakiri kwamba hajaelewa hata nusu, akauliza swali moja tu: wakijua ni yeye, watamfukuza? Trafiki akasema huenda. Aliogopa, na alimwambia kwamba anaogopa. Ofisi nzima ilimjua mtunza stoo, hakuna aliyeelewa lango. Angenyamaza, akarekebisha ile tatu ikawa moja, damu ingeacha kupotea na mzee angestaafu na barua yake ya ugonjwa, hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Wazo hilo lilimjia, tusimsingizie utakatifu. Lilimjia, akaliona jinsi lilivyo rahisi, akasikia aibu mbele ya mume aliyekuwa hata hajaliona.

Ijumaa saa nne, kikao kilikuwa na watu watatu nyuma ya meza, mkuu katikati. Mzee Barafu alikaa upande wa pili na shati lililopigwa pasi, bahasha imelala mbele yake. Kabla hajaifungua mtu yeyote, Trafiki aliomba kusema. Alisema vibaya. Alianza katikati, akarudi mwanzo, akachora ubaoni mlango na mtu nje na mtu ndani, akaweka mezani karatasi tatu za mfuko mmoja na daftari la pili la lango. Wale watatu walichanganyikiwa wazi wazi. Mmoja aliuliza kama basi mashine ndiyo iliyoiba. Mwingine akataka kujua kama hizo hodi zinapigwa kwa simu. Mkuu ndiye aliyeelewa kwanza, na alielewa lile lililo muhimu.

"Ina maana orodha uliyonipa, ya mhuri, ndiyo iliyokuwa na makosa?"

"Orodha ilikuwa sahihi, mkuu, ila ilikuwa inahesabu mlango mmoja. Aliyekosea ni mimi. Nililiagiza lango lirudie maombi, na sikufikiria kwamba stoo imeshasikia. Kila karatasi aliyoitii mzee ilitoka kweli, na kila mfuko umefika hospitali. Hospitali moja imeshakubali kwa mdomo, zingine ziulizwe upya, na ziulizwe vizuri."

Mkuu akavua miwani. Akasema suala la Trafiki litakuwa na siku yake, na sauti yake haikuwa na ahadi yoyote. Kisha akaisukuma ile bahasha kwa vidole viwili ikarudi kwa mzee, akasema yaliyotokea yanasikitisha, kwamba ofisi itamwandikia, kwamba Jumatatu arudi kazini.

Mzee Barafu hakuigusa bahasha. Hakumtazama mkuu pia. Alikuwa anamtazama Trafiki, kwa makini, kama mtu aliyekatizwa hesabu katikati na anaogopa kupoteza alipofika.

"Binti yangu, ile asubuhi niliyokupigia simu. Nilikwambia ngapi?"

"Tatu, baba."

"Na zilikuwa ngapi?"

"Zilikuwa tatu. Nisamehe."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akakubali. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Akaomba ruhusa kwa wale wakubwa atumie simu, wakampa ya mezani, na vidole vyake vikatafuta namba muda mrefu. Mkewe alipopokea, hakumwambia kwamba amerudishwa kazini, wala hakutaja wizi.

"Mama watoto," alisema, "nilihesabu sawa."

Halafu akashindwa kuendelea, simu ikabaki sikioni mwake, na wote mle chumbani walimsikia mama akiuliza kutoka upande wa pili, tena na tena, amehesabu nini.